Siku Mama Alipotangaziwa Maziko Yake Akichagua Mchele

Assalaam alaykum. Wazee wangu shikamooni, na ninyi mliotoka Lugoba na Chalinze poleni na safari. Mimi ndiye ninayeendesha programu inayowatumia matangazo ya msiba katika chama chetu hiki cha kuzikana. Najua wapo humu ambao simu ikilia ule mlio bado wanashtuka. Haki yenu. Nimeomba nafasi niwaeleze yaliyotukuta nyumbani, na sitamtaja mtu kwa jina.

Ilikuwa baada ya Adhuhuri. Mama amekaa ukumbini na ungo anachagua mchele, mimi nipo kwenye mbuzi nakuna nazi. Simu ikalia ule mlio. Nikafuta mkono, nikasoma: mama yangu amefariki, maziko baada ya Alasiri. Jina lake kamili, na chini yake lile la utotoni ambalo wazee peke yao humwitia. Nikainua macho. Yeye anatoa chuya tu, anazirusha pembeni.

Ndugu zangu, nililisoma tena lile jina, herufi kwa herufi.

Desturi yetu mnaijua. Kwetu msiba hauulizwi kwa simu. Ukipata habari unajitanda kanga unakwenda, maana kumpigia mfiwa umwulize kama ni kweli ni kukosa adabu. Basi hakupiga hata mmoja. Wanawake wa kwanza waliingia wanalia, wakamkuta wanayemlilia ana ungo mapajani. Mmoja akasema, "Shikamoo." Mama akaitikia, "Marahaba," kisha akauliza, "Mnamlilia nani?" Yule aliyekuwa amebeba mkeka akaurudisha nje taratibu, kana kwamba hatukuuona.

Makaburini wanaume walikwisha kuchimba. Wazee wetu hawaachi kaburi lililochimbwa likae wazi, wanasema litatafuta mtu. Wakakata gogo la mgomba, wakalizika.

Mama alizipata habari. "Wamezika nini mahali pangu?" akaniuliza. Nikamwambia.

Kuanzia hapo chakula kikamshinda. Akaitoa sanda aliyokuja nayo kutoka Umra, akaiweka kwenye kiti karibu na kitanda. Nikimpelekea uji, anageukia ukutani. "Jina langu limeshatajwa, mwanangu. Nangoja tu." Mama alikuwa anaisha mbele ya macho yangu, na kilichomtaja ni kitu nilichokitengeneza mimi.

Niliizima programu, nikaisoma yote upya. Safi kabisa. Sikuona mahali palipoandikwa kwamba mama amekufa. Watu wakasema ni jini. Jamani, nitaficha nini? Niliifukizia kompyuta ubani. Chekeni, lakini nilifukiza.

Kuna dada mmoja wa Mapinga anafanya kazi kama yangu. Alikuja kunipa pole, akaniuliza, "Unasoma ipi?"

"Niliyoiandika, hii hapa."

"Hiyo ndiyo uliyoituma. Iliyokuwa inafanya kazi umeitazama?"

Hapo niwaeleze kidogo. Programu yetu inafungwa ndani ya kontena. Silo lile la bandarini, ni kifurushi cha programu, na majina yenu nyote niliyatia humo humo. Kifurushi nakiweka kwenye ghala la mtandaoni, na kila alfajiri kompyuta yetu inakichukua na kukiwasha. Ghala lile sikulitia kufuli. Nimekulia nyumba ambayo mlango haufungwi mchana, mtu anapiga hodi anaingia. Nikaona tunazikana, tutafichana nini?

Kila kifurushi kina alama yake, herufi na tarakimu nyingi zinazotokana na vyote vilivyomo. Ukibadili nukta moja, alama yote inabadilika. Tukaitoa alama ya changu, tukaitoa ya kile kilichowashwa siku ile. Hazikufanana hata mwanzo. Kwa nje lebo ni ile ile, jina langu lile lile. Mtu aliingia akakifungua, akasoma majina ya watu wetu, akamchagua mama, akakirudisha. Mpaka leo hatumjui, wala hatujui alitaka nini.

Tulikifunga upya. Majina tukayafumba kwa siri, atakayeyaiba aone takataka tu. Kifurushi nikakipiga muhuri wangu, na kompyuta ikaamrishwa isiwashe chochote kabla ya kuuhakiki.

Nikamwambia mama, "Ni kama futari yako. Ukimpelekea jirani bakuli, kitambaa unakifunga fundo lako. Likifika na fundo jingine, unajua njiani limefunguliwa."

Asubuhi moja nilikuwa nimekaa kitandani kwake na kompyuta magotini. Ikaandika: kifurushi kimekataliwa, muhuri si wenyewe. Nikakichungulia bila kukiwasha. Ndani mlikuwa na tangazo, lenye jina la mama.

Sikumficha. "Amerudi," nikasema.

"Anasemaje?"

"Maneno yale yale."

"Umemfungulia?"

"Hajafunguliwa, mama."

Akajiinua kwa kiwiko. "Basi huyo si aliyeniumba," akasema. "Aliyeniumba hapigi hodi akakataliwa." Akaomba uji. Nililia mpaka nikamwagia chumvi badala ya sukari, na aliunywa hivyo hivyo.

Nakushukuru dada wa Mapinga, na ninyi mliokuwa mnakuja kumsalimia mama wakati wengine wanaogopa kumshika mkono. Ninalowaachia ni hili: kuaminiana kwetu ndiko kunakotaka kufuli. Usiseme hatuna cha kuibiwa. Tuna majina yetu.

Na yule bado anakuja. Siku moja moja nakikuta kifurushi chake asubuhi, kimekataliwa, na jina ni lile lile. Mama hushangaa nisipomwambia.

Yupo pale nyuma, mwenye kanga ya njano. Nasi sote tuna siku yetu. Siku jina lake litakapowafikia kwa muhuri wangu, nawaomba msiogope, wala msipige simu kuniuliza kama ni kweli. Njooni kama mlivyokuja siku ile.