Waya wa Shaba na Unga wa Ulezi: Maisha ya Tadei Maximilian

Marehemu Tadei Maximilian alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika misheni ya Kaengesa, mtoto wa kwanza wa Mzee Maximilian na Mama Dominika. Alisoma shule ya msingi hapo hapo misheni, kisha akajifunza ufundi umeme Mbeya, akahitimu mwaka 1979.

Alirudi Sumbawanga, akajenga nyumba mtaa wa Chanji, na kwa miaka thelathini na minane alifunga nyaya za kuzuia radi kwenye makanisa, shule na zahanati za Ufipa. Tarehe 24 Septemba 1983 alifunga ndoa na Rosina, aliyemvumilia mengi, hasa kupanda mapaa mawingu yakiwa yamekwisha kutanda.

Kazi hiyo ilimpa sifa asiyoitaka. Watu walimwita mfunga radi, wakamletea kuku na mbuzi kama anavyoletewa mganga. Aliwarudisha wote.

Novemba 2009, katika kijiji kimoja jirani na Kaengesa, radi iliua ng'ombe wawili wa mkulima mmoja, Dominiko. Huyu alikuwa amegombana na jirani yake, Bibi Silvana, mjane, juu ya mpaka wa shamba. Basi ikasemwa bibi ndiye aliyeituma. Akapewa hadi Jumapili awe amehama. Tadei alifika Ijumaa, akafunga waya kwenye nyumba zote mbili.

"Fundi," Dominiko alisema, "umeme wa serikali wenyewe unakatika kila siku. Huu wako utamweza bibi huyu?"

Watu wakacheka. Tadei akashuka kwenye ngazi, akaomba unga wa ulezi, ule unaotumiwa katika matambiko. Akawataka Dominiko na Bibi Silvana wauchanganye na maji katika bakuli moja, kwa mikono yao, wapake chini ya nyaya mbele ya kijiji kizima. Walipomaliza, hakuna aliyeitaja tena Jumapili.

Mdogo wake, Mwalimu Edwin, alimkemea vikali. Alisema ushirikina ni uongo, na uongo hauwi kweli kwa kuzaa jema. Wasifu huu haulifichi jambo hilo, wala haulisifu. Marehemu alimsikiliza hadi mwisho, akamjibu, "Mwalimu, waya ni wa radi. Unga ni wa watu."

Mwaka 2019 alianza kuugua kisukari. Wapo walionong'ona kwamba radi alizozifunga zinalipiza kisasi. Alicheka, akasema hajarogwa na mtu, amekunywa chai ya sukari nyingi miaka arobaini. Figo zilishindwa, akafariki Jumatatu tarehe 3 Februari 2025, hospitalini Sumbawanga, Rosina akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa na mdogo wake Edwin. Ameacha pia Bibi Silvana, mwenye miaka themanini na minne, aliyeamka leo katika nyumba yake ile ile, akaja na bakuli la unga wa ulezi. Ameomba anyunyize kidogo kaburini kabla ya udongo. Familia imekubali. Mikono yake inatetemeka siku hizi, hivyo Mwalimu Edwin ndiye atakayemshikia bakuli.

Mungu ampokee Tadei, ampumzishe kwa amani.