Masikio Yangu na Sauti ya Mama

Ndugu zangu, jina la Bwana lisifiwe. Wengi mnanijua, ni Mama Riziki anayeuza unga wa muhogo. Mnajua pia kwamba miaka mingi nilikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Leo nawaambia sababu. Masikio yangu yalikuwa yanatoa usaha, na usaha ule ulinuka. Niliona aibu kuwakaribia.

Yalianza tulipofika hapa kambini Nakivale, tukikimbia kutoka Fizi, kule Kongo. Kwanza la kulia, kisha la kushoto. Nilipewa dawa ya matone, yakakauka wiki mbili, yakarudi. Dawa nyingine, yakarudi tena. Nikaacha kwaya, maana sikusikia wenzangu wanashika sauti gani.

Lakini lililoniuma zaidi ni simu. Mama yangu alibaki kwetu Kongo, katika mji wa Baraka. Alikuwa ananitumia ujumbe wa sauti, anaongea Kibembe dakika tano, dakika sita. Nikiweka simu sikioni, nasikia mvumo tu. Basi nampa mume wangu, Isaya. Anasikiliza yote, kisha ananipazia sauti: "Anakusalimia. Bote bazima."

Ndugu zangu, dakika sita, nami napewa 'wote wazima' tu! Mama yangu si mtu wa maneno mawili. Nilimtazama Isaya akisikiliza, nikamwonea wivu kwa sababu ya mama yangu mwenyewe.

Dada mmoja aliniambia ni pepo la uziwi, na kwamba imani yangu ni ndogo. Nilifunga, nikalia. Kisha kikaja kizunguzungu, nikaanguka shambani na jembe mkononi. Kituo cha afya wakaniandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa, mjini Mbarara.

Daktari wa masikio alikuwa mama Mnyankore, mwenyeji wa huko. Alinichungulia sana, kisha akasogeza mdomo karibu.

"Mama, jerikani ya maji ikikaa, ndani inakuwa na utelezi. Unajua?"

"Najua, dokta. Tunasuguaka na mchanga."

"Sasa sikio yako iko hivyo. Wadudu wamejifunika na utelezi. Dawa inapita juu, haiwafikii."

Alinyonya uchafu kwa mashine, kisha akaniosha kwa asidi hafifu, ya jamii ya siki, aliyoipima mwenyewe. Alisema inalegeza ule utelezi, na wadudu wanashindwa kukaa, ndipo dawa inawapata. Iliniwasha. Nikarudi wiki iliyofuata, na nyingine. Ndugu zangu, nilikuwa nimeomba mkono wa Mungu ushuke kwa kishindo. Ulikuja umevaa glavu.

Wiki ya sita pamba aliyonifutia sikioni ilitoka kavu. Jumapili ile, baada ya ibada, ujumbe wa mama ukaingia. Nikauweka kwenye sikio la kushoto, nikamsikia. Alikuwa anasimulia mbuzi wa jirani aliyekula sombe yake yote, majani yote ya muhogo. Akakohoa, akaendelea. Mwisho akasema: "Mwanangu, najua husikii. Mimi nitaongea tu. Siku utakayosikia, unikute naongea."

Nikamgeukia Isaya. "Mbona hukuniambia?"

Akainamisha kichwa. "Alikuwa anasema vile kila mara. Nilishindwa kukuambia."

Nililia mpaka majirani wakaja.

Sitawadanganya: sikio la kulia bado ni zito. Na kumsikia mama kumenizidishia hamu ya kumwona. Ninayo sauti, sina uso wake. Hilo bado namwomba Bwana, na ninaomba sasa kama mtu aliyekwisha kujibiwa mara moja.

Wewe mwenye masikio kama yangu, usimimine siki ya jikoni. Ngoma ya sikio ikiwa na tundu, utajiumiza. Nenda wakupime. Wala usiache kuomba. Mungu hakasirikii dawa. Namshukuru yeye, namshukuru yule daktari, nawashukuru ninyi mlioendelea kunisalimia. Kesho asubuhi nakwenda kituo cha afya kuonyesha masikio yangu. Anayeona aibu kwenda peke yake, apite kwangu, twende pamoja. Amina.