Mzee Taulo Atapita Mbele ya Jukwaa la Mashariki

Leo Jumamosi, tarehe thelathini, refa atakapopuliza filimbi ya mwisho, Mzee Taulo atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja ya kutunza chumba cha timu ngeni katika uwanja huu. Jumatatu atakabidhi funguo na kustaafu rasmi. Wengi mlioshika karatasi hii mnamjua kwa jina hilo tu. Wachache mnamjua kwa majina mengine, yale mliyoyaandika kwenye ukuta wa nyumba yake. Hayo nitayafikia, tuanze na kazi.

Aliingia hapa akiwa kijana mwembamba, akapewa fagio, ndoo na chumba chenye bomba moja linalovuja. Mtindo wa siku hizo wenye umri mnaukumbuka: mgeni alikuwa anakomolewa. Maji yanafungwa, taa zinazimwa, vitasa vya mlango vinapakwa oili chafu. Mzee aliambiwa hiyo ni sehemu ya kazi yake, akakataa tangu wiki ya kwanza. Aliomba mataulo meupe ishirini na tano, akapewa manane, mengine akayabeba kutoka kwake, na mkewe akabaki anajifuta kwa kanga. Tangu hapo hakuna timu iliyoingia chumba kile ikakosa taulo safi kwenye kila ndoano. Jina alilipatia hapo.

Msidhani hakuwa mpenzi wa timu yetu. Skafu ya klabu ipo kwenye droo yake chini ya sabuni, na tukifungwa chakula hakipiti kooni. Lakini kwa miaka yote hiyo hajaona mechi hata moja mwanzo hadi mwisho. Alikuwa anasikiliza viatu. Wageni wakirudi mapumziko wakiwa wanaongoza, viatu vinakimbia sakafuni. Wakiwa wamefungwa, vinaburuzwa. Tulikuwa tunamtega atuambie matokeo kabla hajaona ubao, na alikosea mara mbili tu.

Kuharibu aliharibu pia, tusimfanye malaika. Siku moja ya mvua kubwa, kipa wa wageni alimpa glavu zake azikaushe. Akaziweka juu ya pasi ya chumba cha kufulia ikiwa ya moto, akaenda kutafuta ufagio. Tulichokuta hapo hakikuwa glavu tena. Mzee akavuka ukumbi hadi chumba cha pili, akamwomba kipa wetu jozi ya akiba, na yule mgeni akaivaa na kupangua penalti yetu dakika ya themanini na tisa. Kocha wetu hakumsalimia mpaka msimu ukaisha. Mzee alisema tu kwamba huwezi kumwacha mtu adake mikono mitupu, akaendelea kudeki.

Sasa nakuja kwenye yale ambayo kamati ya jarida hili la mechi iliyapiga mstari mwekundu. Nimeyarudisha yote. Mpiga chapa ni jirani yangu na mwandiko wangu anausoma vizuri.

Mimi ni dobi wa uwanja huu, huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili. Miaka mitatu iliyopita ilikuja hapa timu yenye winga aliyekuwa amemzika mama yake wiki hiyohiyo. Jukwaa la mashariki mlijua. Mlimwimbia huyo mama yake kipindi kizima cha kwanza, na kijana alipokuja kupiga kona mkamrushia chupa, na ndani ya chupa hamkuwa na maji. Watu wa majukwaa mengine waliinamisha vichwa. Baba mmoja alimshika binti yake mkono wakatoka, na sijawaona tena hapa. Walinzi walikuwa wanatazama mawingu.

Wakati wa mapumziko Mzee aliwagawia wale vijana mataulo yote aliyokuwa nayo, akaniletea jezi zao nizisuuze. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya: alitoka nje na ndoo yake, akaenda mpaka mbele ya jukwaa la mashariki, akaanza kuokota chupa. Mkamrushia na yeye. Kila chupa ilipomjia, aliinua macho kutazama ilikotoka, akaiokota, akaitia ndooni. Namba za viti vile anazipaka rangi yeye mwenyewe kwa brashi ndogo kila msimu ukiisha. Aliporudi aliketi kwenye benchi lake, akaandika viti kumi na kimoja kwenye karatasi ya kumpa kamisaa wa mchezo.

Kabla ya kuipeleka alipita kwangu. Alisimama mlangoni mwa chumba cha kufulia, akaniambia kwamba kiti cha nne kwenye orodha, safu ya tisa namba kumi na nne, ni cha mwanangu. Akasema hatakifuta, ila hakutaka nisikie kwa mtu mwingine. Mwanangu huyo amekulia kwenye vikapu vya mataulo, na aliyemfundisha kufunga kamba za viatu ni Mzee huyuhuyu.

Nilimtukana. Nilimwambia hana mtoto, ndiyo maana. Aliondoka na karatasi yake. Msimu mzima nikawa nampitishia mataulo dirishani bila neno, naye kila asubuhi ananisalimia kama kawaida, anangoja kidogo, anaenda zake.

Mwanangu alikuja nyumbani akaapa kwamba yalikuwa maji tu. Jamani, miaka yote hiyo nafua, mimi ndiye wa kudanganywa kuhusu maji? Jezi zile zilipita mikononi mwangu. Nilijua tangu nilipoziloweka, na bado nikamnunia aliyesema kweli, kwa sababu aibu ilikuwa imekaa sebuleni kwangu na nilitaka ihamie kwa mtu mwingine.

Jukwaa lilifungwa mechi nne, na wale kumi na mmoja wakafungiwa miaka mitatu. Mwenyekiti wa tawi la mashabiki alimfuata Mzee akamtaka aseme jua lilimpiga machoni. Akajibiwa kwamba namba zile hata gizani anazijua. Ndipo mkamwita msaliti, mkamchorea ukuta. Alipaka chokaa, mkachora tena, akapaka tena, mpaka mkachoka nyinyi.

Msimu uliofuata nilibeba mataulo mwenyewe, nikayapeleka kwa kupitia mlangoni, nikamwomba msamaha. Aliyahesabu, akaniambia limepungua moja. Hivyo ndivyo tulivyopatana.

Leo wakati wa mapumziko atavuka uwanja kuaga. Tawi limetangaza kwamba litamzomea. Uongozi ulimshauri aagie ofisini kwa chai na kadi, akasema chai atakunywa baadaye. Basi zomeeni. Tutakuwa naye mkata nyasi, mchora mistari, wakata tiketi wote, na mimi kuliani kwake na kikapu. Goti lake bovu, tutapita polepole, kwa hiyo mtakuwa na muda wa kutosha.

Na wewe wa safu ya tisa, namba kumi na nne, leo ndiyo siku yako ya kwanza kurudi. Tiketi yako nimeiona nyumbani. Wenzako watapiga miluzi. Wewe simama, hata ukiwa peke yako. Mzee alishasimama peke yake hapo chini, na wewe ulikuwa unarusha.

Mzee Taulo, asante kwa kila mgeni aliyetoka hapa akiwa mkavu. Tunakuombea afya, usingizi na siku nyingi za furaha, wewe na mama wa nyumbani kwako. Nenda sasa ukaone mechi nzima, na taulo tutakuletea sisi. Kiti chako cha maisha tumekipaka namba jana, na uongozi utaijua habari hii kwa kuisoma hapa, kama nyinyi wengine: jukwaa la mashariki, safu ya tisa, namba kumi na tano.