Mwalimu Vibanio na Hadithi Aliyoilazimisha Iishe Vizuri

Dada yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1954, mtoto wa pili wa baba yetu seremala na mama yetu muuza maziwa. Mimi ninayesoma ni mdogo wake wa mwisho. Alinibeba mgongoni. Tangu utotoni alikuwa na maneno. Siku moja alitumwa chumvi dukani, akarudi jua limezama na kisa kirefu chenye mbwa mkali, daraja lililovunjika na mama mmoja mwema aliyemvusha. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kisa kizuri sana, mwanangu. Chumvi iko wapi?"

Alianza shule ya msingi mwaka 1962, akamaliza sekondari ya wasichana mwaka 1973 na chuo cha ualimu miaka miwili baadaye. Baba alikitengenezea cheti chake fremu ya mbao, kubwa kupita cheti chenyewe, na kila mgeni aliyeingia sebuleni alioneshwa kabla hajapewa kiti.

Alifundisha shule tatu za msingi hadi alipostaafu mwaka 2014. Wengi mliopo hapa mlimjua kwa jina la Mwalimu Vibanio. Alifunga kamba ya kuanikia nguo kutoka dirishani hadi kwenye kabati la darasa, na hapo watoto walibana hadithi zao kwa vibanio kabla ya kuandika hata sentensi moja. Karatasi ya kwanza walimchora mhusika. Ya pili, anachokitaka. Ya tatu, kinachomzuia. Ya nne, mwisho. Mtoto aliweza kuibandua karatasi, kuihamisha na kuirudisha mpaka kisa kikae sawa, ndipo aruhusiwe kushika kalamu. Hata wale waliozoea kulia kwamba hawana la kuandika walikuwa wakigombania vibanio. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba karatasi ya nne lazima iimalize shida ya ile ya tatu. "Msiniachie mtu njiani," alikuwa akiwaambia.

Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme aliyekuja shuleni kutengeneza kengele, kisha akawa anarudi rudi kuitazama kengele ambayo ilikuwa nzima kabisa. Walijaliwa binti mmoja na mwana mmoja.

Sasa nafika mahali ambapo kaka yetu mkubwa alitaka niparuke. Tulipokaa kuandaa wasifu huu aliniuliza, "Watu wanakuja kumzika mtu wao, wewe unataka kuwaanikia mambo ya aibu?" Shemeji ndiye aliyejibu. "Mwenyewe kaagiza, kaka. Kasema msimpambe." Basi nasoma, na uso unaniwaka, maana nimetembea miaka mingi nikijitapa kwamba huyu ni dada yangu.

Mwaka 1989 alihamishiwa shule yake ya pili, akapewa darasa la nne. Alikuwa bado hajawajua watoto wala wazazi wao. Binti wa fundi viatu alibana hadithi yake kambani: mtoto amekaa mlangoni, anataka mama yake arudi, mama yuko mbali. Kwenye karatasi ya nne mtoto alikuwa bado amekaa mlangoni.

"Hii haijaisha," dada alimwambia. "Mrudishe mama."

"Harudi, Mwalimu."

"Hadithi ni yako. Wewe ndiye unayeamua. Mrudishe."

Alimbandulisha ile karatasi mbele ya wenzake, akambandulisha na nyingine iliyofuata, mpaka mtoto akachora mama anaingia na kikapu mkononi. Darasa zima likapiga makofi. Dada aliibana hadithi ile mbele kabisa, iwe mfano kwa wengine.

Ijumaa baba wa mtoto alisimama mlangoni mwa darasa, kofia mkononi. "Mwalimu, samahani, naomba ile karatasi ya mwanangu. Mama yake tulimzika wakati wa likizo. Sasa mtoto anasema mwalimu amesema yeye ndiye anayeamua. Tangu juzi anakaa mlangoni, hataki kula."

Dada aliitoa karatasi, akampa. Yeye, mwenye maneno kuliko sisi sote, hakusema hata pole. Muhula uliofuata yule mtoto alihamishwa shule.

Kuanzia hapo sharti lake la karatasi ya nne lilikufa. Mliofundishwa naye baadaye mtakumbuka kwamba alikuwa akichuchumaa kando yako, na kabla hajaigusa karatasi yako anauliza, "Nikuulize, au niache?" Tulidhani ni upole. Ilikuwa aibu.

Baada ya kustaafu alisikia kwamba yule binti anauza vitambaa vya mapazia, duka la pili kutoka posta. Akaenda kumwomba msamaha, akarudi na kitambaa. Akaenda tena, akarudi na kitambaa kingine. Shemeji alimwambia, "Mke wangu, hata dirisha la choo lina mapazia mawili. Kuna nini?" Alisema anapenda rangi.

Novemba 2020 aligundulika kuwa na ugonjwa wa ini. Alitibiwa hospitali ya wilaya, akauguzwa nyumbani na binti yake, na akiwa kitandani ndipo alipotueleza haya yote. Alituagiza tuyaseme mbele za watu, kama yeye alivyomwaibisha mtoto mbele za watu. Maneno yake ni haya: "Nilimlazimisha mtoto aseme mama yake karudi, halafu nikafurahia makofi. Alikuwa sahihi yeye, mimi nilikosea. Nimemwogopa mpaka leo." Alifariki tarehe 3 Juni 2021, saa nne asubuhi.

Juzi nilikwenda dukani kwa yule binti wa fundi viatu. Nilipomaliza kueleza alikuwa ameshika mkasi, hakati kitu.

"Nilimjua siku ya kwanza alipoingia," alisema. "Sauti yake ni ile ile. Kila akija nasema moyoni, leo atasema. Halafu ananiuliza bei, namkatia kitambaa."

"Mbona wewe hukumwanza?"

"Ningemwanzaje, dada yangu? Yule ni mwalimu wangu."

Nilimwomba ruhusa ya kuyasoma haya. Alifikiri, akasema, "Yasome. Ila usiseme nimemsamehe. Sijasema hivyo, na usinisemee." Nakiri nilikuwa nimekwisha kuiandika sentensi hiyo, maana nilitaka tumzike dada akiwa na amani. Nimeifuta.

Marehemu ameacha mume, binti na mwana, wajukuu watano, kaka yetu mkubwa, mimi mdogo wake, watoto wengi aliowafundisha kuandika, na mwanafunzi mmoja ambaye bado hajamjibu. Mungu ampokee dada yetu, ampe pumziko la amani.