Salamu Zangu Zilizofunga Milango

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe hata na ninyi mliokaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Benchi hilo nalijua. Nimelikalia Mbeya, nimelikalia Tunduma, nimelikalia hata ng'ambo ya mto Songwe, nchi ya pili, kule Karonga, na kila mahali nilitoka kabla ya matangazo ili mtu asiniulize nimetoka usharika gani.

Mimi ni Gwakisa. Mliosoma nami hapa Ikolo mnakumbuka kwamba niliacha shule darasa la sita. Sikufukuzwa. Mwalimu alikuwa akieleza vitu ambavyo mimi nilitaka kuvifungua kwa bisibisi, basi nikaenda kuvifungua.

Mama yangu alipofariki nilipelekwa Ikombe, kando ya ziwa, kwa mdogo wake, mama mdogo Subira, mfinyanzi. Ndugu zangu, mkinipa kazi ya kuchagua siku moja ya maisha yangu niirudie, nitachagua siku yoyote ya Jumamosi ya miaka ile. Tulipakia vyungu mtumbwini asubuhi, vimefungwa majani makavu visigongane, bado vinanuka moshi wa nyasi zilizovichoma. Mimi nilikaa katikati nikikumbatia kile kikubwa. Tukifika Matema, mama mdogo alijitwisha vyungu na kuanza kusalimia. Alimsalimia kila tuliyekutana naye, akauliza usingizi, akauliza nyumbani, akauliza watoto, akauliza mpunga. Njia fupi ya kwenda sokoni ilitumalizia asubuhi nzima. Siku moja shingo iliponiuma nilimuuliza kwa nini tunawasalimia hata wasionunua.

Akasema, "Anayepita kimya ameficha kitu."

Neno hilo nililibeba. Lakini, kama mtoto, nililibeba nusu.

Nilipokua nikarudi huku Ikolo, mkanipa kazi ya kufunga nyaya za spika ya kanisa. Mnaijua ile spika. Siku mbili kabla ya sikukuu ya mavuno niliifungua, nione sauti inakaa wapi. Niliiona karatasi nyeusi, nikaona sumaku, nikavuta uzi mmoja ambao haukupaswa kuvutwa. Sikuweza kuirudisha. Nikaifunika kitambaa nikanyamaza. Siku ya mavuno kwaya ya watu wa mbali iliimba na nusu ya watu hawakusikia neno. Wazee wakamuuliza mtunza kanisa, mzee Ambakisye, kwa maana funguo alikuwa nazo yeye. Nilikuwa nimesimama pale. Sikusema. Wakamnyang'anya funguo, na jioni ile mimi nilivuka mto.

Baadaye ukweli ulijulikana, jina langu likasomwa mbele yenu, nikawekwa chini ya marudi, nikatengwa na ushirika. Nilisikia habari hiyo nikiwa Karonga, nikibeba magunia. Nikajiambia kuna makanisa mengi duniani. Ndivyo nilivyoanza kutangatanga. Kila mji mpya nilikaa mpaka mchungaji aulize barua ya utambulisho, kisha nikahama.

Ndugu zangu, Mungu ni mwema, hata katika kutangatanga aliniacha nijifunze. Kompyuta nilijifunza kwa kufagia ofisi ya mtu aliyekuwa nayo. Nilirudi Kyela mjini na mashine yangu iliyochakaa, nikafungua kibanda karibu na stendi: kuchapa, kutoa kopi, kutuma barua pepe. Nikakodi jina langu mwenyewe la mtandaoni na nafasi kwenye seva ya kampuni moja ndogo, ili wateja wangu wawe na anwani zinazoishia kwa jina la kibanda. Nilijiona posta nzima.

Hapo ndipo nilipofanya kosa. Rafiki mmoja wa Kasumulu alinipa flashi yenye anwani za watu elfu tatu, wa nchi nisizozijua. Mwingine angeona biashara. Mimi niliona watu elfu tatu wanaopita mbele ya kibanda changu bila kusalimiwa. Nikaandika salamu. Niliwauliza wameamkaje, nikawaambia hapa Kyela mvua imenyesha, kokoa imeanza kuiva, Mungu awabariki. Sikuuza kitu wala sikuomba kitu. Nikaitegesha mashine iwasalimie wote kila siku saa kumi na mbili asubuhi.

Watatu walijibu. Mmoja, mzee wa nchi ya theluji, aliuliza ndizi zetu zina urefu gani, nikampimia kwa rula. Siwezi kuwaeleza furaha niliyokuwa nayo. Mtu aliyekimbia nyumbani kwao alikuwa anasalimiana na ulimwengu.

Sasa sikilizeni jambo lililonileta hapa mbele. Mwaka huohuo mwalimu mmoja wa chuo cha sanaa cha mkoa wa mbali alifika Ikombe, akamkuta mama mdogo Subira akifinyanga chungu kikubwa kwa mkono na kipande cha kibuyu, bila gurudumu. Akakaa siku mbili akitazama. Alipoondoka alichukua kwa mama anwani yangu ya barua pepe, na baada ya wiki kadhaa barua ikaja: chuo kinamwomba mama aje awafundishe wanafunzi msimu wa kiangazi, lakini bodi inataka kukubali kwake kwa maandishi.

Mama mdogo hana binti. Vidole vyake vimeanza kukakamaa asubuhi; huviloweka maji ya moto kabla ya kushika udongo. Wafinyanzi wengine wapo Ikombe, lakini shingo ya chungu kama anayoiinua yeye haiinuliwi na mwingine. Nilipomsomea barua ile alisema niandike kwamba atakwenda, na waandae udongo wa aina mbili.

Nikaandika. Hakuna jibu. Nikaandika tena. Kila nilipovuka kwenda Ikombe alikuwa amesimama kwenye changarawe kabla mtumbwi haujagusa, na alitazama mikono yangu kwanza kama nimeshika karatasi. Alinitamkia barua kumi na moja niziandike, ndugu zangu. Alieleza udongo unavyochimbwa, unavyotwangwa, unavyopumzishwa. Mwisho wa kila barua alinitamkia sentensi moja ileile: "Anayeniandikia ni mwanangu Gwakisa, mpokeeni na yeye." Sentensi hiyo sikuiandika hata mara moja. Niliona aibu. Nilijua jina langu lilisomwa wapi.

Barua nyingine zilikuwa zinanirudia zikiwa na Kiingereza kikali. Nililaumu mtandao, nikabadilisha laini. Nikafungua anwani mpya kwa jina jingine, nayo ikakataliwa. Nikafungua ya tatu. Mwishowe nikaenda Kasumulu kwa dada Sekela, karani wa wakala wa forodha, ambaye barua zake husafiri kila saa na kufika. Alisoma zilizorudi, akanitazama.

"Kaka, umewafanya nini watu?"

Nikamwambia, niliwasalimia.

"Wangapi?"

"Elfu tatu. Kila asubuhi."

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kitenge. Kisha akanieleza taratibu. Watu wasionijua walichoka, wakabonyeza kwamba mimi ni msumbufu. Wako walinzi wanaoandika daftari la wasumbufu, orodha nyeusi, na milango mingi ya barua duniani hulisoma daftari hilo kabla ya kufungua. Jina la kibanda changu limo, na namba ya seva yangu imo. Ndiyo maana anwani zote tatu zilikataliwa. Nilibadilisha kanzu tu, miguu ilikuwa ileile. Barua nyingine hurudishwa, nyingine hutupwa kwenye folda ya barua taka ambako hakuna anayetazama.

Nikamwambia kwetu asiyesalimia ndiye mwizi.

"Huko," alisema Sekela, "anayesalimia watu elfu tatu bila jambo ndiye mwizi. Na huyo mwalimu ana namba ya simu hapa chini ya barua yake. Kwa nini hujampigia?"

Nilikusanya karatasi zangu. Kama ningempigia, ningelazimika kusema nilichofanya.

Sekela alinisaidia kuwaandikia walinzi wa orodha. Kulikuwa na swali moja: je, umeacha? Nikajibu nimeacha. Ndugu zangu, sikuwa nimeacha. Nilipunguza tu, kutoka elfu tatu hadi mia tisa, wale niliodhani wananipenda. Jina likafutwa. Siku ya nne likaandikwa tena, na safari hii kwa wino mzito zaidi. Sekela aliposikia aliniambia nisirudi ofisini kwake mpaka niwe mtu mmoja, si wawili.

Nikaenda Ikombe mikono mitupu. Mama mdogo alikuwa anapaka urembo mweupe juu ya udongo mwekundu, na mstari ulikuwa unatetemeka. Sijawahi kuuona mstari wake ukitetemeka. Hapo nilivunjika. Nikamweleza yote: salamu, orodha, uongo, hata ile sentensi niliyokuwa nairuka. Nilitegemea azungumzie chuo. Hakukizungumzia.

Aliuliza, "Na mzee Ambakisye, yeye ulimsalimia?"

Lile neno la utotoni likanirudia zima. Anayepita kimya ameficha kitu. Nilikuwa nimesalimia nchi za theluji, na nyumba ya mzee Ambakisye, iliyo hapa nyuma ya kanisa, nilikuwa naizunguka kwa njia ya mashambani miaka yote hii.

Nilikuja Ikolo kwa miguu kutoka barabarani. Nilimkuta anageuza kokoa kwenye mkeka. Nikamsalimia, ugonile, baba. Akaitikia bila kuinua kichwa. Nikapiga magoti pembeni ya mkeka nikamwambia ni mimi niliyeharibu spika, na nilisimama kimya aliponyang'anywa funguo. Aligeuza kokoa mpaka mwisho wa mkeka.

Akasema, "Na hiyo sauti uliyokuwa unaitafuta, ulikuta inakaa wapi?"

"Sikuiona, baba."

"Basi shika upande ule, jua linaondoka."

Tuligeuza wote wawili. Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yangu, ndugu zangu. Jumapili iliyofuata ninyi wenyewe mlinisikia nikiungama hapa, mzee akaja mbele akasimama upande wangu, marudi yakaondolewa, mkaniimbia. Nilikaa benchi la tatu. Nikasikiliza matangazo yote mpaka la mwisho.

Nilirudi kibandani nikaifuta orodha ya watu elfu tatu. Yule mzee wa ndizi nilimwandikia peke yake nikamuuliza kama anapenda tuendelee, alipenda. Nikawaandikia walinzi: niliwatumia salamu watu wasionijua, mara ya kwanza nilisema nimeacha, nilisema uongo, sasa nimefuta. Sekela alinipokea tena, tukasajili vizuri kwamba seva hiyo ndiyo yenye ruhusa ya kutuma kwa jina letu. Nikangoja kama mtu wa kawaida anavyongoja.

Na nikampigia simu mwalimu. Alidhani mama amekataa. Nafasi ile bodi ilikwishampa mfinyanzi mwingine, na sitawaficha, ilinichoma, kwa sababu ni mimi niliyeipoteza. Lakini akafungua folda ya barua taka nikiwa bado namsubiri upande wa pili. Zilikuwemo saba ambazo hazijafutwa, zimekaa pamoja na matangazo ya dawa za uongo na bahati nasibu. Akaanza kuzisoma kwa sauti, udongo unavyochimbwa, udongo unavyopumzishwa. Alisoma mpaka ya mwisho. Akasema kama mama hawezi kuja kwao, huenda wao wakaja kwake, ila anahitaji barua moja tena ya kuiweka mbele ya bodi, na safari hii ifike.

Nilivuka kwenda Ikombe kesho yake. Mama mdogo alinitamkia barua ya kumi na mbili huku mikono imo kwenye maji ya moto. Alipofika mwisho alinitazama, akasema sentensi yake. Niliandika kila neno.

Ndugu yangu uliye karibu na mlango, mimi siyajui yako. Labda na wewe umebadilisha laini, umebadilisha mji, umebadilisha jina, na bado kila kitu kinakurudia. Nakuomba umtumaini Bwana kiasi cha kwenda kwenye nyumba ile moja unayoizunguka. Hakuna daftari ambalo Yeye hawezi kukufuta humo, ila swali ni lilelile, umeacha? Mwambie kweli. Ndaga fijo, asante sana, mama mdogo. Ndaga fijo, mzee Ambakisye, unayenicheka hapo mbele.

Kiangazi hiki wanafunzi sita walivuka kwa mtumbwi wakakaa Ikombe wiki tatu. Mmoja wao, msichana mwenye mkono mzito, ameanza kuinua shingo ya chungu na haianguki. Mama mdogo aliwasalimia wote sita kila asubuhi, mmoja mmoja, usingizi, nyumbani, wazazi, mpaka wakajifunza kumuuliza na yeye.

Lakini kabla hawajaja lilikuja jibu. Nililifungua kibandani nikiwa peke yangu, asubuhi saa ileile niliyokuwa nikitegesha mashine. Lilianza hivi: "Mama Subira, barua yako imefika. Na mwanao Gwakisa tumempokea."