Dakika Ishirini Ambazo Dkt. Taoufik Kammoun Hakuzirudia

Jumatano, tarehe 14 Januari 1948, manyunyu yalikuwa yakianguka mjini Sfax, Tunisia, tangu alfajiri, na upepo wa bahari ulikuwa wa baridi kali. Siku hiyo, ndani ya mji mkongwe, nyumbani kwa Mzee Abdelhamid Kammoun, muuza lozi, na mkewe Bi Zeineb, alizaliwa Taoufik, kitinda mimba wa watoto wanne.

Alianza chuoni kwa sheikh wa mtaa, kisha akasoma shule za Sfax hadi 1967. Alipata shahada ya kwanza Tunis mwaka 1971 na ya uzamivu Montpellier, Ufaransa, Juni 1979. Alirejea nyumbani 1981 na kuanzisha maabara aliyoiongoza miaka ishirini na saba.

Tarehe 7 Agosti 1982 alimwoa Bi Selma Chaabouni. Siku ya maharusi kuruka samaki, desturi ya Sfax ya kumvuka samaki aliyelazwa chini mara saba ili kupata baraka, marehemu alihesabu kwa sauti, akadai wameruka mara sita badala ya saba. Shangazi zake waliapa ni saba. Aliwarudisha wote uani, samaki akalazwa tena chini, wakaanza upya.

Kazi ya maisha yake ilikuwa vipokezi, vinavyokaa juu ya seli kama mabawabu. Homoni ikigusa kipokezi, yenyewe hubaki nje. Kipokezi humtuma mjumbe ndani kupeleka habari. Marehemu aliamini, kama wengi wa zama zake, kwamba mjumbe ni mmoja, na dawa ikimzuia huyo, ndani hapatasikika kitu. Kwa kuwa mjumbe huyo ana mbio, maabara yake ilipima dakika mbili tu baada ya kutia homoni.

Jumanne, tarehe 14 Februari 1995, katikati ya Ramadhani, fundi wake, Bi Najet Sellami, alikuwa ametia dawa ya kuzuia, kisha homoni, katika sahani sita za seli. Papo hapo mzinga wa futari ulilia. Alikwenda chumba cha pili kwa tende na supu ya shorba, akazisahau sahani. Aliporudi zilikuwa zimepita dakika ishirini. Hakuficha, aliandika muda kama ulivyokuwa, akaendelea kupima. Ishara kwamba habari imefika ndani ya seli ilionekana, nzito, mahali palipotakiwa kuwa kimya.

Marehemu alicheka mbele ya wanafunzi. “Najet, hii si sayansi, hii ni shorba. Umezipika seli.”

“Basi tuzipike tena, Bwana Taoufik,” alijibu. “Safari hii saa ikiwa mkononi.”

Marehemu aliufuta ukurasa kwa wino mwekundu na kuandika kando: kosa la fundi. Bi Najet aliporudia kipimo peke yake Jumamosi moja, marehemu alimwondoa kwenye seli na kumweka kuosha vyombo vya kioo. Aliviosha miaka kumi na moja, hadi alipostaafu.

Mwaka 2003 marehemu alisoma makala za wenzake wa ng'ambo: kipokezi kilekile kina njia ya pili ndani ya seli, isiyo na haraka lakini inayodumu, na hupitika hata ya kwanza ikifungwa. Alimwambia mkewe jioni ile. Kwa Bi Najet, aliyekuwa akiosha vyombo hatua thelathini kutoka mlangoni pake, hakwenda.

Moyo wake ulianza kudhoofika 2016. Daktari kijana alimwandikia kidonge kinachoziba vipokezi vile vile, akamweleza kwa upole, asimjue ni nani, kwamba siku hizi inajulikana vina njia mbili. 

Jumanne, tarehe 5 Novemba 2019, alimwomba bintiye Emna ampeleke kwa Bi Najet. Alikiri yote na kuomba radhi. Bi Najet alimsikiliza mpaka mwisho, akamimina chai.

“Kile kipimo, uliwahi kukirudia?”

“Sikuwahi.”

“Basi hata leo unawaamini wazungu tu. Mimi bado hujaniamini.”

Kesho yake asubuhi marehemu alikwenda maabara, akiegemea fimbo, akaomba sahani sita. Aliambiwa seli zitakuwa tayari Jumatatu. Alifariki Jumamosi, tarehe 9, saa tisa mchana, akazikwa Jumapili.

Ameacha mjane, Bi Selma, watoto wawili, Emna na Yassine, wajukuu watatu, na dada yake, Bi Radhia. Familia inamtaja pia Bi Najet Sellami, ambaye asubuhi iliyofuata maziko alipanda basi hadi maabara, zilikokuwa tayari sahani sita alizoziomba marehemu, akavaa koti la kuazima, akatia dawa na homoni, akasubiri dakika ishirini kamili. Jumatano filamu ya picha inayoonyesha matokeo ya kipimo ilitoka. Ishara ilikuwamo katika sahani zote sita. Bi Najet aliandika tarehe, jina lake, na chini yake jina la marehemu.

Mola amrehemu Taoufik, ampumzishe, na amsamehe alichochelewa kukitenda. Amin.