Kiwiko Nilichokishukuria Kabla Hakijapona

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Nawasalimu nikiwa na furaha, na haya kidogo pia.

Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka nilisimama mahali hapa hapa nikawaambia kwamba Mungu ameniponya kiwiko cha mkono wa kulia. Nikauzungusha mkono mara tatu mbele yenu, mkapiga makofi, mkaimba. Haikuwa kweli. Nililijua hilo kabla sijafika kwenye kiti changu.

Wacha nirudi nyuma nieleze kwa utaratibu.

Mimi ni Kariuki, kijana wa Mama Nyambura, hapa juu ya Gakindu. Siku za kazi nachuma kahawa na mama. Jumamosi nacheza besiboli. Kwa wale ambao hawajawahi kuja uwanjani: mrushaji husimama juu ya kituta cha udongo, akamrushia mpira mpigaji wa timu ile nyingine. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji, mwenye glavu kubwa. Mrushaji akiwa mzuri, wapigaji wanapiga hewa. Mimi ndiye mrushaji wa timu yetu. Lakini mkono wa mtu mmoja hauwezi kurusha mchezo mzima kila wiki, kwa hiyo timu huweka warushaji wa akiba, wanaongoja pembeni ili wampokee akichoka.

Sisi tulikuwa na wawili. Githinji ana nguvu kuniliko, lakini mpira wake ulikuwa unakwenda unakotaka wenyewe. Siku moja uliingia kwenye sufuria ya mama anayeuza githeri kando ya uwanja, naye akatuambia ataurudisha ukiiva. Yule mwingine, Muriuki, anajua kulenga, lakini anauza vitunguu Karatina, na Jumamosi ni siku ya soko. Basi nilirusha mimi. Kocha wetu, Mwalimu Nderitu, akiniuliza kama nimechoka, nilisema hapana. Nilipenda kuwa yule ambaye bila yeye hakuna mchezo.

Mwaka huu, kabla ya Pasaka, kiwiko kililia ndani kama kijiti kinachovunjika. Katika hospitali moja huko Nyeri daktari alikibonyeza, akakipiga picha, akasema kano imevutika lakini haijakatika. Nikae miezi minne bila kurusha. Nikikaidi itakatika, na hapo nisahau mpira, nisahau hata kubeba debe la kahawa.

Siku mbili baadaye mlinikalisha mbele, mkaniwekea mikono, mkaniombea. Nilisikia joto, maumivu yakatulia, nikalala vizuri. Asubuhi nikasimama hapa. Ndugu zangu, tumefundishwa kushukuru hata kabla ya kuona, na mimi sipingi. Kosa langu ni kwamba nilisema nimeona. Na nilipokuwa narudi kitini, kiwiko kikauma kama siku ya kwanza.

Sasa ningefanya nini? Ningemwambia kocha naumwa, ingekuwa nimemfanya Mungu mwongo mbele ya kanisa zima. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Jumamosi iliyofuata nikapanda kituta.

Na ninyi mkaja! Akina mama wa chama cha wanawake mlikuja na miavuli na chupa za chai, mkajaza ule upande wenye kivuli. Kila mpigaji akikosa mpira, mlisema Amina. Sijawahi kuogopa neno hilo kama nilivyoliogopa siku ile.

Aliyejua wa kwanza ni Wachira, mdakaji wetu, tuliyesoma naye tangu chekechea. Mdakaji husikia mkono wa mrushaji ndani ya glavu yake. Tulipofika awamu ya nne alisimamisha mchezo, akavua kofia yake ya chuma, akanijia pale juu.

“Mkono iko aje?”

“Iko sawa.”

“Ati sawa. Mpira inakuja baridi kama chai ya jana.”

Nikamwambia wamama wanaangalia. Akauchukua mpira kutoka mkononi mwangu, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

“Kariuki, unatetea Mungu na hii kiwiko? Yeye hajakutuma.”

Nikamwinulia kocha mkono. Githinji akaingia, na mchezo ukaharibika kabisa. Nilikaa kwenye benchi nikitokwa na machozi, na wengi wenu mlinifariji mkidhani ni kwa sababu tumeshindwa.

Nyumbani mama alinikalisha jikoni. Alichemsha maji, akatia chumvi, akakishika kiwiko changu akakiweka ndani ya beseni kama alivyokuwa akinifanyia nikiwa mdogo. Baadaye akasema, “Wiki mzima unachuma na mkono ya kushoto. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe.”

Nilikwenda kwa mchungaji. Nilitegemea mahubiri, lakini hakunihubiria. Alisema nililisema mbele ya watu, basi nirudi mbele ya watu.

Mnaikumbuka Jumapili ile. Niliwaambia naumwa, kwamba nilikuwa naumwa wakati wote, na kwamba niliwadanganya mkiwa mnanipenda. Kisha Cucu Wanjiru, nyanya yetu sote, akainuka kwenye benchi ya pili, na nikajua sasa nitakemewa.

“Kumbe,” akasema. “Sisi tuliwacha kukuombea. Tulikuwa tunashukuru tu. Basi sasa tutaomba.”

Akaketi. Ni hayo tu aliyosema.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipofunguliwa. Kiwiko kiliendelea kuuma vile vile. Kilichonitoka ni ile hofu, ule mzigo wa kumlinda Mungu asiaibike. Nililala usiku ule nikiwa mgonjwa, na nikiwa mtu huru.

Miezi minne sikurusha. Kocha aliniambia nisimame kando ya Githinji nimtazame tu. Siku ya pili nikaona jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona: Githinji hufumba macho anapouachilia mpira. Hakuna aliyeliona kwa sababu hakuna aliyekuwa akimtazama. Tulikuwa tukinitazama mimi, na mimi mwenyewe nikiwemo. Nilimwambia amwangalie Wachira kifuani mpaka mpira ufike. Ilichukua wiki nyingi, na sufuria ya yule mama ilihamishwa mara mbili, lakini sasa mpira unafika.

Na Muriuki je? Akina mama wa kanisa walipanga zamu. Kila Jumamosi mmoja wao anakwenda Karatina kumkalia kibanda ili yeye aje uwanjani. Mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa ameketi pale akicheka, anauza vitunguu kumliko mwenye kibanda. Wateja wanamuulizia yeye.

Miezi minne ilipokwisha daktari aliniruhusu kuanza, kwa umbali mfupi, mipira ishirini kwa siku. Wachira ndiye aliyekuwa akihesabu. Nilimsihi aniongezee mmoja tu. Aliondoka na mpira akaenda nao kwao.

Jumamosi iliyopita tulicheza na vijana wa Karatina. Nilirusha awamu mbili, na hakuna aliyeugusa mpira wangu. Katika ya tatu nilisikia joto dogo kwenye kiwiko. Hakuna aliyejua ila mimi. Nikainua mkono mwenyewe, nikatoka. Muriuki akanipokea, Githinji akampokea Muriuki, na tukashinda kwa pointi moja nikiwa nimekaa kwenye benchi na koti la mama mabegani. Sijawahi kufurahia ushindi kama ule.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru ninyi mlioniombea mara mbili, mara moja kwa mwongo na mara moja kwa mgonjwa. Na kama yuko mtu hapa aliyesimama siku moja akashukuru kwa jambo ambalo bado linamuuma, iwe ni ndoa, ni mtoto, ni mwili, nakusihi usibaki nalo peke yako. Mwambie Mungu lilivyo. Mwamini kwa hilo linalouma, alivyonipokea mimi atakupokea wewe. Kisha tuambie na sisi, tujue tunaomba nini.

Jumamosi ijayo tunacheza na Kerugoya. Kocha anauliza kama nitarusha, na sijui nimjibu nini. Daktari amekipiga kiwiko picha nyingine, majibu ni Ijumaa. Leo asubuhi nikifunga vifungo vya shati hili, kiliuma kidogo.

Niombeeni.